Vita vya Ng'ombe havikuzuka kwa kuogopa sindano

Hadi leo Unguja utasikia watu wakisema kwamba mwaka 1951, katika ghasia zinazoitwa Vita vya Ng'ombe, wakulima wa kijiji cha Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wasichanjwe kwa ujinga, kwa kuogopa sindano tu. Maelezo hayo yanawadhulumu. Kimeta, maradhi ya ng'ombe yaliyolengwa na chanjo hiyo, ni ya hatari kweli, na chanjo ilikuwa na maana yake. Lakini wakulima hao walikwishaona ng'ombe wakifa baada ya kuogeshwa dawa ya serikali, na ardhi zao zilikuwa zimechukuliwa kupanua uwanja wa ndege. Amri nyingine kutoka serikali ile ile, tena ya lazima, wangeipokeaje kwa moyo mweupe? Wakaikaidi waziwazi.

Serikali ya kikoloni ikajibu kwa mahakama. Wakulima 19 walishitakiwa, na tarehe 30 Julai umati ulipojaribu kuwaokoa, polisi walifyatua risasi wakaua watu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipopotea nafasi ya kuwauliza wafugaji wenyewe wanalalamikia nini. Huko huko Kiembe Samaki kikazaliwa chama cha raia wa Sultani wa Zanzibar, ambacho mwaka 1955 kiligeuka kuwa chama cha siasa cha ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu.