Mbwa Mtulivu wa Siku ya Kwanza, na Dhana Nyingine Zinazowaponza Walezi

Ukikaa na watu wanaolea mbwa waliookolewa, kuna kauli utaisikia mpaka uchoke: "Huyu hana shida kabisa, tangu aje amelala tu pale kwenye kona." Husemwa kwa furaha, kwa kawaida siku ya kwanza au ya pili. Wiki chache baadaye mtu yuleyule anapiga simu kwenye kituo cha kuokoa mbwa akilalamika kwamba mbwa kabadilika, kawa mkorofi, na hakuelezwa.

Mlezi wa muda humtoa mbwa kituoni, akakaa naye nyumbani kwa wiki au miezi, kisha akamkabidhi kwa familia itakayoishi naye siku zote. Kazi hii imezungukwa na imani nyingi zisizo sahihi, na kwa kuwa zinatoka kwa watu wenye huruma, ni vigumu kuzipinga bila kuonekana una roho mbaya. Nitazipinga hivyohivyo.

"Ametulia, basi ameshazoea"

Mtazame vizuri huyo aliyelala kwenye kona. Mgongo kaubana ukutani, kichwa kakiinamisha, lakini macho yako wazi na yanakufuata kila unapokwenda, weupe wake ukionekana pembeni. Analamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Bakuli la maji halikuguswa mchana kutwa, ila asubuhi unalikuta limepungua, kwa sababu alisubiri nyumba nzima ilale ndipo akanywa. Huyo hajatulia, ameganda kwa hofu. Kukimbia hawezi, mlango umefungwa, kupambana hathubutu, kinachobaki ni kutojitikisa na kuomba asionekane.

Hofu hiyo hata vipimo vimeiona. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake nchini Marekani walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika damu ya mbwa walioingia kituo cha umma. Katika siku tatu za mwanzo kiwango kilikuwa juu zaidi kwa wazi kuliko cha mbwa waliopimwa majumbani kwao. Walezi nao wana kanuni yao: siku 3 za kushusha pumzi, wiki 3 za kuelewa ratiba ya nyumba, miezi 3 mpaka ajione yuko kwake. Ichukue kama makadirio ya wazoefu. Wapo wanaofunguka siku ya pili, na wapo wanaohitaji nusu mwaka.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kufunguka huja na kelele. Mbwa anapopata ujasiri ndipo anapombwekea mgeni, anapolinda bakuli lake, anapotafuna kiatu. Familia inaona ameharibika, kumbe ndiyo kwanza anajitambulisha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya machache. Chumba kimoja, saa zilezile za kula, njia ileile ya kutoka kujisaidia. Kuogesha kunaweza kusubiri, isipokuwa daktari aseme vingine, na majirani wanaotaka kuja kumwona nao wasubiri. Keti sakafuni, umpe ubavu badala ya uso, usimkazie macho. Akikujia, mwache anuse kwanza, kisha mguse kifuani au chini ya kidevu, si kwa kupitisha mkono juu ya kichwa chake. Akiondoka, usimfuate. Ni kazi inayochosha kwa sababu haionekani kama kazi, na watoto wa nyumbani wataiona ni adhabu.

"Mkia unatikisika, ana furaha"

Mkia unaonyesha kwamba mbwa amesisimka. Hauonyeshi amesisimkwa na nini. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Angelo Quaranta, Marcello Siniscalchi na Giorgio Vallortigara, waligundua kwamba mbwa akimwona mwenye wake mkia huelemea zaidi kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Nyumbani huna haja ya kupima pembe. Mkia uliosimama wima, unaotikisika harakaharaka juu ya mwili uliokakamaa, ni onyo. Mbwa mwenye furaha hutikisika mpaka kiuno.

"Mwonyeshe mapema nani bwana hapa"

Hii ndiyo inayoumiza mbwa wengi zaidi, kwa maoni yangu. Chimbuko lake ni mbwamwitu, tena waliofungiwa: mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu wa bustani ya wanyama, waliokuwa wakigombania ukubwa. Mtafiti wa mbwamwitu L. David Mech alilieneza mwaka 1970 wazo kwamba kiongozi hupata ukubwa kwa kuwashinda wenzake. Baadaye aliwafuatilia mbwamwitu wa porini katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi, hawakushinda vita yoyote. Aliyelieneza wazo alishalisahihisha, lakini ushauri wa kumlaza mbwa chali na kumbana mpaka "akubali" bado unazunguka.

Mbwa mwoga anayebanwa sakafuni hujifunza jambo moja, kwamba mikono ya watu inaumiza. Kuna hatari nyingine ndani yake. Mngurumo ni njia ya mbwa kusema "nimefika mwisho" kabla hajatumia meno. Ukimwadhibu kwa kunguruma hofu haiondoki. Unachokiondoa ni onyo. Mara nyingine atauma bila kunguruma, na watu watasema aliuma ghafla. Akinguruma, rudi nyuma, kisha tafuta kilichomkera: bakuli, mfupa, mtoto aliyemjia kwa kasi, au maumivu mahali fulani mwilini. Hilo la maumivu husahaulika sana.

Na ule uso wa hatia anaoufanya ukikuta mto umechanwa? Mtafiti Alexandra Horowitz aliupima mwaka 2009, katika jaribio ambalo baadhi ya wenye mbwa walidanganywa kwamba mbwa wao wamekula kilichokatazwa. Uso ule ulitokea pale mwenye mbwa alipokaripia, awe mbwa amekosa au hakukosa. Mbwa anausoma ukali wako wa sasa. Mto wa saa mbili zilizopita haumo.

"Usimbembeleze, utamzidishia woga"

Hapana. Woga si tendo la kupewa au kunyimwa tuzo. Radi ikipiga naye akaja kujibanza kwako, mwache ajibanze. Asiyetaka kushikwa usimshike. Basi.

"Amekonda, mpe ale mpaka ashibe"

Mbwa aliyeshinda njaa kwa muda mrefu akishindiliwa chakula ghafla, viwango vya madini katika damu, hasa fosfati, vinaweza kuporomoka, na moyo ukashindwa. Aliyekonda mpaka mbavu na nyonga zinahesabika aonwe na daktari wa mifugo kabla ya karamu, apangiwe milo midogo ya mara nyingi. Upande wa pili, mbwa mzima mwenye afya akikataa chakula siku ya kwanza, vuta subira. Mtoto wa mbwa akikataa, wasiliana na daktari siku hiyohiyo.

"Waachie wakutane, wamalizane wenyewe"

Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, sababu ya kwanza ya kuwatenga ni ugonjwa. Mbwa anaweza kuonekana mzima huku amebeba maambukizi. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara damu na kuua watoto wengi wa mbwa, kwa kawaida hujificha siku 3 hadi 7 kabla ya dalili, na vikishamwagwa sakafuni au kwenye udongo hudumu kwa miezi. Walezi wengi hutenga mgeni kwa takribani siku 14: chumba chake, bakuli zake, na mikono yako kuoshwa kila ukitoka. Viatu pia. Mtoto wa mbwa hachanjwi mara moja yakaisha. Chanjo hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Minyoo, viroboto na kupe vishughulikiwe katika muda huohuo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni kijeraha. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo, chanjo humwokoa.

Siku ya kutambulishwa, wakutane nje, mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, watembee upande mmoja wakiwa wameachana vya kutosha, wasogeleane polepole. Wakirudi ndani, bakuli na vitu vya kuchezea viwe vimeondolewa.

"Ananipenda, hawezi kutoroka"

Wengi hupotea siku za mwanzo kabisa, na mahali penyewe ni mlangoni. Mkono mmoja umeshika mfuko wa vitu, mwingine unatafuta funguo, mlango unafunguka kidogo, mbwa anarudi nyuma, kola inampita masikioni, hayupo. Jina ulilompa jana halijui. Nyumba yako hajui ni yake.

Kinga yake ni rahisi mno kiasi cha kudharauliwa. Mvalishe mkanda wa kifuani pamoja na kola, kila kimoja na kamba yake. Kola ikaze kiasi cha vidole viwili kupita. Mlango wa ndani ufungwe kabla wa nje haujafunguliwa. Namba yako ya simu iwe shingoni mwake tangu siku ya kwanza. Hapa kuna dhana ndogo inayojificha: wengine huamini chipu iliyowekwa chini ya ngozi itaonyesha mbwa yuko wapi. Haionyeshi. Imebeba namba tu, inayosomwa kwa kifaa mbwa akishapatikana, na haisaidii kitu kama simu iliyosajiliwa ni ya mtu wa zamani.

Akitoroka, usimkimbize, na usikusanye watu wamwite kwa sauti. Mbwa mwenye hofu kubwa humkimbia hata anayemfahamu. Weka chakula na nguo uliyoivaa pale alipoonekana mara ya mwisho, kaa chini, nyamaza, wajulishe majirani na vituo vya karibu.

"Mbwa aliyeshakua hawezi tena kumzoea mtu mpya"

Mwaka 2001 Márta Gácsi na wenzake nchini Hungaria waliwachukua mbwa wazima wa vituoni, mtu mmoja akakaa na kila mbwa mara tatu, dakika 10 kila mara. Hizo zilitosha mbwa kuanza kumtofautisha mtu huyo na mgeni, kwa dalili zilezile za mbwa aliyeshikamana na mwenye wake. Nusu saa kwa jumla!

Dhana hii ina chembe ya ukweli, lakini iko kwingine. Kati ya wiki ya 3 na takribani ya 12 hadi 14 mbwa hujifunza kwa wepesi ulimwengu una nini: watu, magari, ngazi, kelele. Aliyekosa kipindi hicho anaweza kukupenda kabisa na bado akaogopa pikipiki maisha yake yote. Huyo atafutiwe nyumba isiyo na pikipiki nyingi. Ndiyo maana ya kuwa na mlezi: kujua mapema ni nyumba ipi.

"Kumlea kisha kumtoa ni kumvunja moyo mara ya pili"

Hoja hii ndiyo inayozuia watu wengi kujitolea, na inastahili jibu la heshima. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa 207 kutoka vituo vitano vya Marekani, waliotolewa wakalale nyumbani kwa mtu usiku mmoja au mbili, kisha wakarudishwa. Wakiwa nyumbani, kotisoli ilishuka, na walipata usingizi mrefu zaidi usiokatizwa. Waliporudi kituoni kiwango kilirejea pale kilipokuwa mwanzo. Hakikupanda kuzidi hapo. Kama hata kurudi kituoni hakukuacha deni, kwenda kwenye nyumba nzuri hakuna sababu ya kuogopwa. Anayelia siku ya makabidhiano mara nyingi ni mlezi. Wengine humbakiza mbwa kabisa, na hakuna ubaya, ila wajue nafasi ya mbwa ajaye imejaa.

Kosa kubwa la makabidhiano, nionavyo mimi, ni kumpamba mbwa. Mlezi anataka apendwe, basi anaficha kwamba hulia akiachwa peke yake, au kwamba hapatani na paka. Familia inagundua baada ya siku nne na kumrudisha. Andika ukurasa mmoja: anakula nini na saa ngapi, anajisaidia wapi, maneno gani anayaelewa, nini kinamtisha, alishawahi kunguruma kwa sababu gani, tarehe za chanjo. Wape chakula chake cha siku kadhaa, wakibadilishe kidogokidogo kwa muda wa wiki moja, tumbo lisivurugike. Wape na blanketi lake bila kulifua. Lina harufu anazozijua.

Waambie pia kwamba atarudi kuwa mtulivu kule kwenye kona kwa siku chache, na wakuelezee anavyolala, anavyokunywa maji na kama amekula. Simu yako ibaki wazi mwezi huo wa kwanza, hata kwa maswali ya usiku.