Seramu kuchoma usoni si dalili kwamba inafanya kazi
Wengi tumeambiwa tuvumilie: seramu (kimiminika chepesi cha kutunza ngozi kinachopakwa usoni) ikichoma, ndiyo inaondoa madoa. Si kweli. Seramu ya vitamini C yenye asidi kali huweza kuchonyota kidogo kisha ikatulia, lakini mwasho unaodumu au ngozi kubabuka ni ishara kwamba ngozi inaumia. Na kwetu wenye ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu palipoumia huweza kubaki doa jeusi kwa miezi, lile lile ulilotaka kuliondoa. Mwenye ngozi ya mafuta aanze na seramu ya niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 5. Ngozi kavu, seramu ya asidi ya hayaluroniki (kiambato kinachoshika maji kwenye ngozi) kwenye uso ulio bado na unyevu wa maji, kisha losheni juu yake. Jaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa mkono, siku kadhaa mfululizo.