Kobe wa majini alishwe mara ngapi?

Wafugaji wengi wanaotuuliza swali hili huwa wamekwisha kumzidishia kobe chakula kwa huruma tu. Kila mtu akipita karibu na tangi, kobe hukimbilia kwenye kioo, hunyoosha shingo na kupiga maji kwa miguu, naye mfugaji humtupia vidonge vichache vya chakula cha kobe. Mwenendo huo si kipimo cha njaa. Kobe wa porini hula kila anapobahatika kupata, na huyu wa tangini amejifunza kwamba binadamu akitokea, chakula hufuata.

Kinachopanga ratiba ni umri. Mtoto wa kobe alishwe kila siku, kwa sababu mwili na gamba lake vinakua haraka na vinahitaji protini na kalisi kwa wingi. Akivuka mwaka mmoja hivi, vidonge vianze kupunguzwa, apewe leo na kesho aruke. Na akishakuwa mzima, kobe wa jamii zinazofugwa sana, kama yule mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, hutosheka na vidonge mara 2 au 3 kwa wiki, mradi majani mabichi ya mboga awekewe kila siku. Kwa kila mlo, kadiria vidonge vinavyolingana na ukubwa wa kichwa chake bila shingo. Mpe akiwa ndani ya maji, kwani nchi kavu humeza kwa shida, kisha uondoe mabaki baada ya dakika 15 kabla hayajachafua maji.

Unene wake huonekana pale anapojikunyata: akirudisha miguu ndani ya gamba, nyama za mapaja hubaki zimefutuka nje. Kobe wa namna hiyo asinyimwe chakula ghafla. Apunguziwe vidonge, aongezewe majani.

Aliyekataa kula naye asilazimishwe kabla ya kupima maji, kwa kuwa joto la mwili wake hutegemea mazingira, na maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi usagaji wa chakula hudorora, hamu nayo hupotea. Maji yakiwa na joto la kutosha, nyuzi 25 hivi, na bado hali kwa siku kadhaa, mtazame macho: kope zilizovimba mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini A, na huenda hakioni hata hicho chakula kilicho mbele yake. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.