Marufuku ya pembe za ndovu inakataza nini hasa

Kila pembe za ndovu zikitajwa barazani, hakosi mtu wa kusema "dunia ilishapiga marufuku tangu 1989," na hapo mazungumzo yamekwisha. Hakusema uongo, ila kasema nusu.

Marufuku hiyo ni ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea baina ya nchi na nchi. Mwaka 1989 wanachama walimtia ndovu wa Afrika katika Kiambatisho cha I, yaani pembe zake zisivushwe mpaka kwa biashara. Basi.

Huko kuvusha mpaka ndiko watu wanakokuruka. Duka lililo ndani ya nchi liliachiwa sheria za nchi yenyewe. China, kwa mfano, wachongaji wenye leseni waliuza pembe waziwazi mpaka mwisho wa 2017, serikali yao ilipolifunga soko. Mwaka 2016 wanachama walihimiza masoko ya ndani yanayochochea ujangili yafungwe, lakini kuhimiza si kukataza. Na hata mpakani paliwahi kufunguliwa: 1999 Botswana, Namibia na Zimbabwe ziliiuzia Japani pembe za ghalani, na 2008 zikauza tena pamoja na Afrika Kusini, safari hii na China ikinunua. Tanzania iliomba 2010, ikanyimwa.

Sisi Unguja hatuna ndovu (nasema ndovu kusudi, tembo la wagema ni habari nyingine). Pembe zilizoineemesha bandari hii karne ya 19, nyingine zikaishia kuwa funguo za piano kule Connecticut, zilishuka kutoka bara. Zile zilizokamatwa bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, Novemba 2013, karibu tani tatu chini ya makombe ya pwani, nazo zilikuwa safarini. Tena wanyamapori si jambo la Muungano: Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ni ya Tanzania Bara, Zanzibar ina sheria zake. Kwa hiyo "sheria inasema" peke yake haitoshi, sheria ipi?

Kisha kuna bangili ya zamani. Muuzaji atakwambia marufuku haiigusi kwa kuwa ni ya bibi yake. Mkataba kweli unakitambua kilichopatikana kabla haujaanza kutumika, lakini kwa cheti cha mamlaka ya serikali, kitolewe kabla kitu hakijasafiri. Risiti ya duka, hata iwe na muhuri, si cheti hicho.