Rangi ya farasi mini na kasoro za kuzaliwa: zinahusianaje?

Farasi wawili wenye mabaka ya kupendeza wakipandishwa, wanaweza kuzaa mtoto mweupe pe kuanzia masikio hadi miguu. Anasimama, ananyonya, anaonekana mzima. Saa chache baadaye anaanza kugaagaa kwa maumivu ya tumbo, kinyesi cha kwanza hakitoki, na hakuna dawa wala upasuaji wa kumwokoa.

Chanzo ni jeni ile ile iliyowapa wazazi wake mabaka. Jeni hiyo, EDNRB, huongoza seli fulani mimba ikiwa bado changa. Baadhi ya seli hizo huelekea kwenye ngozi zikatengeneza rangi, nyingine huelekea kwenye utumbo zikawa neva za kuusukuma. Jeni ikiharibika, safari zote mbili hukwama. Farasi mwenye nakala moja iliyoharibika hutoka na mabaka meupe ubavuni na usoni, ya aina iitwayo freimu, na hapati ugonjwa huu. Mwenye nakala mbili hukosa rangi karibu kabisa, na sehemu kubwa ya utumbo wake haina neva. Badiliko hili la jeni lilitambuliwa mwaka 1998.

Mtoto hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Wabebaji wawili, yaani wenye nakala moja iliyoharibika, wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa namna hiyo. Hii haina maana kwamba akishazaliwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Hesabu huanza upya kila mara. Tena usitegemee macho kumtambua mbebaji, maana wapo wenye alama ndogo tu nyeupe usoni.

Lakini si kila mtoto mweupe ni wa kuliliwa. Jeni ya krimu ikiwa nakala moja humgeuza farasi mwekundu kuwa wa dhahabu, na zikiwa mbili humfanya awe wa rangi ya maziwa, ngozi ya waridi, macho ya buluu. Huyo utumbo wake uko sawa na ataishi. Watu huwaogopa bure.

Kwa farasi mini, yaani wale wa umbo dogo sana, jeni ninayoiona ya hila zaidi ni ya silva. Hupendwa kwa sababu hugeuza mwili mweusi kuwa wa chokoleti, na singa na mkia kuwa karibu nyeupe. Pamoja na uzuri huo huja kasoro za macho. Mwenye nakala moja mara nyingi huwa na vivimbe vidogo vya maji ndani ya jicho, na wengi wao huona bila taabu kubwa. Mwenye nakala mbili huweza kuzaliwa na konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, iliyotokeza mbele, mboni ndogo isiyofunguka vizuri gizani, hata lenzi iliyohama mahali pake. Hila iko hapa: silva hufifisha rangi nyeusi tu. Farasi mwekundu anaweza kuibeba maisha yake yote asioneshe dalili hata moja kwenye manyoya, kisha akaipitisha kwa mtoto.

Wale wa madoa ya chui nao wana lao. Wenye nakala mbili za jeni hiyo, TRPM1, hawaoni gizani tangu kuzaliwa, ingawa mchana wanaona kama wenzao.

Udumavu wa kurithi, ambao ndio kasoro inayotajwa sana kwa farasi hawa, hauna uhusiano na rangi. Unatokana na jeni ya ACAN inayohusika na gegedu. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa na maumbile ya kawaida, kisha mtoto akazaliwa na paji lililovimba, taya la chini lililotokeza, na miguu mifupi iliyopinda. Mabadiliko kadhaa ya jeni hiyo yanajulikana, na baadhi yakikutana mimba huharibika kabla hata ya kuzaa. Ila miguu iliyopinda peke yake isikutie hofu mapema: mingine hutokana tu na jinsi mtoto alivyojikunja tumboni, na hunyooka baada ya siku au wiki kadhaa.

Kupima ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Hung'olewa singa chache pamoja na mizizi yake, kwa kuwa DNA inayohitajika iko kwenye mizizi, zikapelekwa maabara. Na mbebaji wa freimu halazimiki kuondolewa kwenye uzazi. Akipandishwa na asiyebeba, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji, na hakuna atakayezaliwa na utumbo usio na neva kwa sababu ya jeni hiyo.