Fidla ya kidumbak: yasemwayo na yalivyo

Harusi ya Ng'ambo, Unguja, saa tatu usiku. Mkeka umetandikwa uani na ala zote zimeletwa kwa baiskeli mbili: ngoma mbili ndogo za kidumbak, muziki wa harusi zetu wenye jina hilohilo, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (kayamba za vifuu), sanduku la chai lililotiwa fimbo na kamba moja, na fidla ndani ya mfuko wa nailoni. Jirani yangu mkekani, mgeni kutoka bara, akaninong'oneza: "Hii ya Wazungu imefikaje hapa?" Sikumjibu, maana mwimbaji alikuwa ameshaanza. Namjibu leo, pamoja na wengine wenye maneno kama yake.

"Fidla ni ya Wazungu, sisi tumeazima tu." Kwa umbo lake la sasa, ndiyo, ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Lakini ujuzi wenyewe wa kusugua uzi kwa upinde Ulaya iliupata kutoka mashariki. Rababu ya Waarabu iliingia huko kupitia Hispania. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamisri walipoitia fidla katika takhti, vikundi vyao vidogo vya wapigaji, waliiita kamanja, jina la ala yao ya zamani ya upinde. Na taarab ya Unguja imenyonya Misri tangu enzi za Sultani Barghash. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, na mwimbaji Siti binti Saad akarekodi Bombay 1928. Basi jina tumelichukua kwa Waingereza, upigaji tumeuchukua kwa Waarabu, na mengine tumeyatia wenyewe.

Kuna sababu nyingine ya fidla kukubalika haraka. Shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote, hata katikati ya sauti mbili za kinanda. Maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama Rast na Bayati zinadai sauti hizo za katikati. Kinanda cha kawaida hakinazo.

"Fidla na zeze ni kitu kimoja." Ni ndugu, si pacha. Zeze la Wagogo, lile alilolipeleka duniani mwanamuziki Hukwe Zawose, lina kibuyu kwa tumbo. Orutu ya Wajaluo ina uzi mmoja, na endingidi ya Waganda vilevile. Anayesema upinde ni mgeni Afrika Mashariki hajatoka nje ya mji wake.

"Kidumbak ni taarab iliyoharibika." Hili ndilo linaloniudhi. Wapo wanaoiita kitaarab, kama kwamba ni kipande kilichodondoka kutoka sahani ya wakubwa. Ni kweli nyimbo nyingi hutoka katika taarab. Lakini tazama kazi ya mpiga fidla. Katika taarab ya ukumbini amekaa safu moja na wenzake watatu au wanne, pamoja na ala za kanuni, udi na akodioni. Akiteleza, wenzake wanamfunika. Katika kidumbak yuko peke yake. Yeye ndiye anayefungua wimbo, yeye anayemjibu mwimbaji kila ubeti unapomalizika, na yeye anayeshona wimbo huu na ule bila kupumzika, huku mwendo ukipanda na akina mama wakizidi kujaa uwanjani. Mwenye sanduku anavuta fimbo yake kukaza na kulegeza kamba, besi inatoka, na juu ya besi hiyo fidla haina pa kujificha. Wapigaji kadhaa wa taarab wamepikwa kwenye mikeka hiyo. Mwimbaji Makame Faki, aliyeitwa Sauti ya Zege, alikuwa na heshima pande zote mbili.

Na wale wanaosema ni muziki wa kihuni kwa sababu ya viuno? Hawajawahi kuketi nyuma ya mpigaji wakaona vidole vinavyofanya kazi.

"Bila kusoma nota huwezi kujifunza." Nota zina faida, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango Unguja mwaka 2002, kinazifundisha pamoja na maqam. Ila mtaani fidla inapokewa kwa sikio. Fundi wangu hakuwahi kunionyesha karatasi. Wiki ya kwanza alinikataza kushika upinde kabisa. Nilitakiwa kuimba kipande kifupi cha wimbo mpaka nikiweze bila maneno, kwa "la la" tu. Wiki ya pili nikawa namkodolea vidole. Akaniambia, "Mwanangu, unatafuta sauti kwa macho," akazima taa. Tukapiga gizani. Nilikosea zaidi ya mwanzo, lakini kwa mara ya kwanza nilijisikia nikikosea, na hapo ndipo kidole kilianza kurudi chenyewe mahali pake.

"Ni kazi ya wanaume." Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo kweli: wanawake waliimba, nyuzi zikashikwa na waume. Siku hizi chuoni utawakuta wasichana na fidla begani, na Mariam Hamdani aliunda Tausi, kundi la taarab la wanawake watupu.

"Nimeshazeeka." Vidole vya mtu mzima ni vigumu kidogo, sikatai. Lakini aliyekulia kwenye harusi hizi ana miaka thelathini ya kusikiliza ndani ya kichwa, na mtoto wa miaka saba hana. Mimi nilianza nikiwa na wajukuu.

"Fidla ya bei nafuu haitoi sauti." Hapa nakiri kosa. Fidla yangu ya kwanza niliirudisha dukani siku ya pili, nimefura. Napitisha upinde kwenye uzi, kimya. Nabonyeza zaidi, kimya. Nilimwambia muuza kaniuzia ubao. Hakunijibu. Alifungua kisanduku changu mwenyewe, akatoa kijipande cha utomvu mgumu, rangi ya asali, ambacho nilidhani ni sabuni ya kusafishia. Akausugua upinde kwenda na kurudi, mara ishirini hivi, mpaka vumbi jeupe likakaa kwenye nywele zake. Upinde mpya usiopakwa utomvu huteleza tu juu ya uzi, hauushiki. Akanirudishia fidla. Nikavuta, na paka wa dukani akatoka mbio.