Mwanafunzi wa macho, mwanafunzi wa masikio: si kweli
Walimu wenzangu wa vyuo hapa Mombasa, hii habari kwamba kuna mwanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kushika, na kila mmoja afundishwe kivyake, haina msingi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo wakakosa ushahidi wa kutosha. Kupenda njia fulani ya kujifunza mtu anapenda, ila kupenda si kuelewa. Ramani ya bandari ya Kilindini lazima ionekane, hata kwa anayependa kusikiliza, maana somo lenyewe ndo linataka picha. Kinachosaidia ni vijaribio vifupi visivyo na maksi, daftari zimefungwa: wanasaikolojia Roediger na Karpicke (2006) walionyesha baada ya wiki aliyejipima anakumbuka kushinda aliyerudia kusoma tu. Basi mwisho wa kipindi waulizeni maswali mawili matatu, na majibu muwape hapo hapo.